Jivu Chini ya Bomba

Kila asubuhi, kabla ya chai, senge wangu Phanice huinama chini ya tangi lililo nyuma ya nyumba yake mjini Kitale na kutazama jivu. Limetandazwa kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi, jembamba na laini kama unga, mahali hasa ambapo tone lingeangukia kama bomba litokalo kwenye tangi lingevuja. Akiliona kavu, hulipuliza lote, humimina jingine kutoka kwenye kopo la majani ya chai, na kulisawazisha kwa kidole. Kisha husema, "Haya, chai," hata kama hakuna mtu wa kumsikia.

Senge ni dada ya baba. Hivyo ndivyo tunavyosema kwetu Bumula, na hivyo ndivyo nimemwita tangu nijue kusema. Nilipomaliza chuo nilihamia kwake, na kwa siku kadhaa nilidhani jivu lile ni dawa ya siafu.

Phanice ni fundi wa bomba. Kitale wengi humjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, kwa maana huzungumza na mabomba kwa nguvu kama anavyozungumza na wenye nyumba. Akimaliza kufunga, hamruhusu mtu yeyote kupiga plasta siku hiyo. Huweka jivu chini ya kila kiungo, huyaacha maji yamefunguliwa hadi kesho yake, na huenda zake. Wenye nyumba hulalamika. Mama Cherono, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Endebess, alipoona jivu limepangwa juu ya vigae vyake vipya vyeupe, alimuuliza, "Phanice, nilikuita ufunge bomba ama ukuje unizike?"

"Nitakuzika ukikanyaga hilo jivu," Phanice akamjibu. "Kesho likiwa kavu, nitakuoshea vigae mwenyewe. Likilowa, niite mbele ya hao ng'ombe wako wote nijitukane."

Lilikuwa kavu. Mama Cherono humtumia maziwa hadi leo.

Ujanja wa jivu hakuupata kwa fundi yeyote. Aliupata kwa mama yake Edinah, kukhu wetu, yaani nyanya yetu. Zamani kukhu alipokwenda sokoni Misikhu kununua mtungi, hakumwamini muuzaji, na hakuyaamini hata macho yake mwenyewe. Alikwenda na jivu lake kwenye jani la mgomba. Aliujaza mtungi maji, akauketisha juu ya jivu, akazunguka kununua chumvi na omena, kisha akarudi na kuuinua. Jivu likiwa limeshika donge, mtungi ulibaki na mwenyewe. Wauza mitungi walimchukia, lakini nyumbani kwake hakuna mtungi uliowahi kulowesha sakafu.

Kukhu huyo huyo ndiye aliyempa Phanice taabu ya kwanza ya maisha yake, bila kukusudia. Phanice alizaliwa akitumia kushoto. Kukhu alikuwa mama wa kanisa, na kwa maoni yake mkono wa kushoto haukufaa kuwasalimia wageni wala kupokea chakula. Kwa hiyo kila wakati wa kula aliufunga mkono wa bintiye kwa kipande cha leso, ukabanwa kiunoni hadi sahani ziondolewe. Phanice alijifunza. Mpaka leo hula kwa kulia na kusalimia kwa kulia. Kazi nyingine zote zilirudi kushoto, kama ng'ombe ajuaye boma lake.

Alifika Kitale akiwa msichana, akapata kazi ya kuwapikia mafundi kwenye majengo. Fundi wa bomba hapo alikuwa mzee Nderitu, mtu mpole aliyekuwa akivuta ugoro na kupiga chafya ndani ya mabomba. Siku moja msaidizi wake hakuja, naye akamwomba mpishi amshikie bomba. Alishika vizuri, bomba halikucheza hata kidogo. Kesho yake akamwita tena. Mwishowe sufuria zikatafutiwa mtu mwingine.

Nderitu alimfundisha kukata, kupima, na kuchonga meno mwishoni mwa bomba la chuma ili liingie kwenye soketi. Alimfundisha pia kuyavisha meno hayo tepu ile nyeupe kabla ya kuyakaza, kwa sababu chuma kwa chuma peke yake hakizuii maji. "Tepu ipite juu, iende mbele, mbali na kifua," alimwambia. "Kila mara mbali na kifua." Phanice alifuata neno kwa neno. Na kila kiungo alichofunga kilivuja.

Alikaza zaidi, kikavuja. Aliongeza tepu, kikavuja. Wapiga plasta wakaanza kumwita Mama Mvua. Nderitu, ambaye hakupenda kumkaripia mtu, alisema labda wanawake hawana nguvu ya kiwiko. Hapo ndipo Phanice alipokasirika kweli. Alikaa chini pale pale kwenye kokoto, akakifungua kiungo chake taratibu ili aone kinavujia wapi. Tepu haikuwa kwenye meno. Ilikuwa imesukumwa nyuma yote, imejikunja mdomoni mwa soketi kama soksi iliyoteremka.

Aliitazama hadi akaelewa. Nderitu alishika bomba kwa mkono wa kushoto, meno yakaelekea kulia, akazungusha tepu kwa mkono wa kulia. Yeye alishika kwa kulia, meno yakaelekea kushoto, akazungusha kwa kushoto. Mbali na kifua cha Nderitu, tepu ilikwenda upande ule ule soketi inakokazwa, kwa hiyo kila mzunguko wa spana uliibana zaidi. Mbali na kifua cha Phanice, tepu ilikwenda kinyume, na kila mzunguko uliivua.

Akaivisha upya, safari hii akiivuta kuja kifuani. Akakaza. Akachota jivu kwenye jiko lake la zamani, akaliweka chini, akafungua maji. Kavu.

Nderitu hakuamini mpaka alipojaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akiipeleka tepu mbali na kifua kama alivyokuwa akifundisha. Maji yakamrukia usoni. Alicheka hadi ugoro ukamwagika. "Kumbe mimi ndiye nilikuwa nakufundisha kuvuja!" akasema.

Tangu hapo Phanice hakumwogopa mtu kwenye kazi yake. Mahali pekee ambapo hakuwahi kufunga bomba ni nyumbani kwao.

Baba yangu, Wekoye, ni mdogo wake. Anapenda kufanya mambo yake mwenyewe, na hapendi kuonekana kama ameshindwa. Kukhu alipoanguka kwenye njia ya chooni msimu wa mvua na kuumia nyonga, baba aliamua kumjengea nyumba mpya yenye bafu na choo ndani, mlango mmoja tu kutoka kitandani. Ilikuwa nyumba nzuri, yenye dirisha kubwa linalotazama shamba la mahindi. Kazi ya mabomba alimpa Derrick, kijana wa Bungoma mjini. Phanice aliposikia, alisema tu, "Sawa, Derrick yuko karibu," lakini siku hiyo alizungumza na mabomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Kukhu akahamia. Baada ya muda ukuta wa kando ya kitanda chake ukaanza kutoa jasho, kisha rangi ikavimba, kisha maji yakatembea sakafuni. Asubuhi moja aliteleza akitoka kitandani, akajishikilia kwenye kiti. Hakuanguka, lakini hakungoja pia. Alichukua fimbo yake na blanketi, akaagiza godoro limfuate, akarudi kwenye nyumba yake ya zamani, yenye mabati yanayovuja na choo kilicho ng'ambo ya migomba. Akasema harudi. Baba, kwa hasira na aibu, akasema atakata maji yote na kuziba kila kitu.

Aliyempigia Phanice simu ni kukhu mwenyewe. Nilikuwa jikoni nikasikia.

"Phanice, ati wewe unafungia watu wa Kitale mabomba yao?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mamako ni mtu wa wapi?"

Tulifika Bumula siku iliyofuata. Kukhu alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba ya zamani, mguu mbaya umenyooshwa mbele, na njia ya chooni nyuma yake ilikuwa matope matupu. Ukiitazama njia ile, na kuitazama fimbo yake, huhitaji kuelezwa kitu.

"Mama, nimekuja kukurudisha ndani," Phanice akasema baada ya kumpa mkono, mkono wa kulia.

"Ndani ya maji? Mimi si samaki."

"Nitakukaushia."

"Hata huyo Derrick alisema hivyo. Alisema kwa Kizungu pia." Kukhu alimwangalia bintiye, kisha akaangalia mfuko wa vifaa. "Sikiliza. Funga. Ukimaliza, mimi nitaweka jivu langu, kwa mkono wangu. Lilale hapo. Asubuhi likiwa kavu, nitaingia na sitatoka. Likilowa, Wekoye akate hiyo maji, na mtu yeyote asiniambie tena neno la nyumba. Nitafia hapa kwangu."

"Sawa."

"Mbona unasema sawa haraka hivyo?"

"Nisemeje polepole, Mama, na kazi ni yangu?"

Baba alikuwa akitusubiri ndani ya nyumba mpya, amekunja mikono. Alimsalimia dada yake vizuri, akamwonyesha ukuta, kisha akasimama mbele ya ukuta huo kama mtu anayeulinda.

"Dada, si upake tu ile dawa ya kuziba, kwa nje? Ukuta huu nimeumaliza juzi."

"Dawa kwa nje ni ya nini? Maji yako ndani."

"Lakini ukivunja, vigae vitaanguka."

"Vikianguka nitavirudisha. Songa, Wekoye."

"Mimi naona kama si hapo hasa."

Phanice aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akianzia chini akipanda, sikio karibu na plasta. Mahali pamoja sauti ilibadilika, ikawa nzito. Aliweka patasi hapo, akapiga nyundo. Plasta ilianguka kama uji mgumu. Nyuma yake, mahali ambapo bomba la plastiki linakutana na kichwa cha chuma cha bomba la kuogea, hapakuonekana kiungo. Palikuwa na kitu cheusi, kinene, kimezungushwa na kuzungushwa na kufungwa fundo.

Phanice alikivuta. Kilikuwa kipande kirefu cha tyubu ya baiskeli.

Alikikunjua chote. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Wekoye. Hapa kuna baiskeli ilipita?"

Baba alitazama dirishani. "Ilikuwa inadondoka kidogo tu," akasema. "Derrick alikuwa ameshaenda. Na mama alikuwa anahamia kesho yake. Nikaona nifunge, nipige plasta, mambo yaishe."

"Yakaisha?"

"Dada, bana."

Kutoka nje kukhu akaita, "Mmepata nini huko?"

Baba alimwangalia Phanice. Sijawahi kumwona baba yangu akimwangalia mtu namna ile.

"Kiungo kimelegea, Mama!" Phanice akajibu, na akaitia tyubu kwenye mfuko wa aproni. "Wewe," akamwambia ndugu yake kwa sauti ya chini, "funga maji kule kwa tangi, kisha ukuje unishikie tochi. Leo wewe ni msaidizi wangu."

Baba alikwenda mbio.

Alipolegeza kiungo, Phanice alikitoa taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, akichungulia. Tepu ilikuwa imerundikana nyuma ya meno, imejikunja. Aliitazama na uso wake ukafunguka.

"Huyu Derrick," akasema, "anaandika kwa mkono gani?"

Baba alifikiri. "Kushoto. Hata hesabu ya vifaa aliniandikia na kushoto, nikashangaa. Kwa nini?"

"Mpatie namba yangu. Mwambie asiogope, simgombezi. Nina neno moja tu la kumwambia." Akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka spana chini. "Mtoto wa watu! Amefundishwa kama mimi!"

Alisafisha meno kwa brashi ya waya, kila jino, hadi chuma kikang'aa, kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu. Alikagua upande wa plastiki kama umepasuka kwa kukazwa kupita kiasi, maana mtu akiona maji, kitu cha kwanza anachofanya ni kukaza, na plastiki haipendi hivyo. Haikuwa imepasuka. Akachukua tepu.

Hapo ndipo fimbo ya kukhu ilipogonga mlangoni. Alikuwa amepita matope mwenyewe, polepole, na sasa alisimama kizingitini anatazama. Baba alitaka kumletea kiti, akakataa kwa kichwa.

Phanice alimwona. Alikuwa ameshika kile kichwa cha chuma kwa mkono wa kulia, meno yakielekea kushoto, na tepu ilikuwa katika mkono wa kushoto. Hakuibadilisha. Aliibana ncha yake kwa kidole gumba, akaanza kuivuta ipite juu, ije kifuani, ipite juu, ije kifuani, imebanwa sana hadi umbo la meno likaonekana chini yake.

Kukhu alitazama mkono ule muda mrefu.

"Na ule wa kulia niliokufundisha," akasema mwishowe, "uko wapi?"

"Uko hapa, Mama. Umeshika chuma."

Kukhu alitoa sauti puani. Baba alidhani amekasirika, akainamisha tochi. Lakini kukhu alikuwa ameanza kutikisika mabega, na ilichukua muda tuelewe kwamba anacheka. "Basi angalau una kazi," akauambia ule mkono wa kulia.

Phanice alikiingiza kichwa kwa vidole hadi kikakataa, kisha kwa spana kidogo tu, akasikiliza, akaongeza kidogo, akaacha. Baba alisema, "Kaza zaidi basi." Phanice akaweka spana chini. Maji yakafunguliwa. Akapangusa kiungo kwa kitambaa kikavu, kila upande, na kurudi nyuma.

"Zamu yako, Mama."

Kukhu alikuwa na jivu lake kwenye jani la mgomba. Alilitandaza kwenye kifuniko cha sufuria, akakiweka chini ya tundu la ukuta, akakisogeza kwa ncha ya fimbo mpaka kikakaa sawasawa chini ya kiungo. Kisha akatutoa wote nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani.

Jioni ile baba hakula vizuri. Alitoka mara kwa mara kwenda kutazama mlango uliofungwa, kana kwamba mlango ungemwambia kitu. Phanice alikula ugali na mrenda, akaomba nyongeza, akamsimulia mama yangu habari za Mama Cherono na vigae vyake, na mapema kabisa akaenda kulala.

Asubuhi kukhu alitangulia. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mbele yake. Alifungua mlango, akaenda hadi ukutani, akajishusha polepole akishikilia fimbo kwa mikono miwili. Alitazama jivu. Akaligusa katikati kwa kidole, akasugua kidole kwenye gumba, akakinusa. Kisha akavuta pumzi na kulipuliza lote, likaruka na kumjaa baba kwenye suruali.

"Leteni godoro langu," akasema.

Tulihamisha vitu vyake kabla jua halijapanda. Godoro lilikuwa kubwa na halikukubali kukunjwa, likimponyoka baba kila mara. Phanice alitia mkono kwenye aproni, akamrushia ile tyubu. Baba aliidaka, akafunga nayo godoro. Kukhu, aliyekuwa ameketi kitandani akielekeza kila kitu kwa fimbo, akauliza, "Hiyo mpira imetoka wapi?"

"Ya baiskeli, Mama," Phanice akasema. "Wekoye huwa nayo karibu."

Tundu la ukuta halikuzibwa kwa plasta. Baba alilitengenezea mlango mdogo wa mbao wenye bawaba, kukhu akaagiza upakwe rangi ya bluu. Sasa kila asubuhi huufungua, hutazama, na humpigia Phanice simu wakati tunakunywa chai. Mazungumzo yao ni mafupi. "Kavu," husema kukhu. "Na kwangu kavu," husema Phanice. Kisha hukata.

Mimi si mwepesi wa kuuliza. Nilikaa na swali langu tangu Bumula, na nililitoa asubuhi moja huku Kitale, senge akiwa ameinama chini ya tangi na kopo lake mkononi. Nilimuuliza angefanya nini kama siku ile jivu la kukhu lingelowa.

Alipuliza jivu, akamimina jingine, akalisawazisha kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Ningekifungua kiungo, nikifunge tena," akasema. "Tepu nililala nayo mfukoni."